Paa la Mama Mara Mia Mbili

Sijaona watu wazima wenye mambo ya kitoto kama hawa wanaorusha ndege za kompyuta. Mtu ameketi sebuleni kwake huko Ulaya, amevaa soksi, kikombe cha chai kiko pembeni, halafu anaomba ruhusa ya kutua. Anamwomba nani? Anajiomba mwenyewe na kujijibu. Niliwafanyia kazi watu hawa kwa zaidi ya mwaka mmoja, mjini Nakuru, na dharau ilinianza kabla sijamaliza wiki ya kwanza.

Nilikuwa msichana wa studio ya picha. Kazi yangu ilikuwa kusafisha nyuso kwenye kompyuta: kufuta chunusi, kufungua macho yaliyofumba, kumvisha tai mtu aliyekuja na fulana na anataka picha ya kuombea kazi. Mwenye studio alikuwa Mhindi mpole, mzaliwa wa Nakuru kama baba yake. Tatizo lilikuwa shemeji yake. Huyo alikuwa na chumba chake nyuma ya studio, kompyuta kubwa kuliko zetu zote, usukani wa kijiti uliofungwa mezani kwa skrubu, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mle ndani, na chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Tulimwita Kapteni. Ndege ya kweli aliipanda mara moja tu, kama abiria, na mwenye studio aliniambia kwamba alitapika tangu kupaa hadi kutua.

Kapteni alitengeneza mandhari. Ile programu ya ndege ilipotoka dukani ilikuwa na dunia nzima ndani yake, ila sisi tulikuwamo kwa jina tu. Ukiruka juu ya Nakuru uliona nyasi. Menengai, volkeno yetu, ilikuwa kilima laini, bila shimo lake. Ziwa lilikuwapo, lakini rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na barabara ya kwenda Nairobi ilikatiza katikati ya maji. Watu kama Kapteni walirekebisha upuuzi huo kwao nyumbani na kuwagawia wenzao kwenye mtandao bila malipo, ili wasifiwe. Alihitaji mtu wa kusafisha picha za mapaa na kuta kabla ya kuzibandika kwenye majengo yake, akaniomba kwa shemeji yake kama mtu anayeazima ngazi.

Kunifundisha alinifundisha, hilo siwezi kumnyima. Unaanza kwa kuinua ardhi, kisha unaitandikia picha kama unavyotandika shuka, kisha unasimamisha majengo juu yake. Niliyashika haya upesi kuliko alivyotaka. Siku moja aliniita nione kiwanja kidogo cha ndege alichokijenga karibu na Naivasha. Programu ilitaka kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, kwa mita. Yeye alikuwa ameandika kwa futi, kwa sababu marubani hutumia futi, na yeye ni rubani. Basi kiwanja kilikuwa kimepaa angani, juu kuliko Mlima Kenya, kimesimama peke yake kama meza, na ziwa liko chini huko likimetameta. Ndege ilifika ukingoni ikaporomoka hadi majini.

"Umegusa nini?" aliniuliza.

Sikuwa nimegusa chochote. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani yake ya samosa.

Sheria kubwa ya kazi hii ni kwamba kisichoonekana kutoka juu hakijengwi. Kila jengo ni pembetatu zilizounganishwa, na kila pembetatu ni mzigo ambao kompyuta inaubeba. Ukizidisha, ndege inaanza kwenda kwa kushtukashtuka na yule bwana wa soksi anakasirika. Kwa hiyo nyumba inapewa paa zuri, kuta nne za rangi moja, basi. Mlango ni anasa. Na nyumba ikishakamilika moja, unainakili popote unapotaka, kwa sababu moja iliyorudiwa ni mzigo mwepesi kuliko mbili tofauti.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na watu wake. Nyumba za Milimani, kwa matajiri, zile zenye vigae vyekundu, Kapteni alizijenga moja moja, na nyingine akaziwekea hadi gari uani. Heroe, wale ndege wa ziwani, aliwapaka rangi ya waridi mwezi mzima. Kule Naivasha vibanda vya plastiki vya mashamba ya maua alivipanga vizuri, vinang'aa. Kamere, wanakolala watu wanaochuma hayo maua, aliweka migunga. Na Kaptembwo, mtaa nilikozaliwa, mtaa nilikotoka kila asubuhi kwa miguu kuja kumletea samosa zake, aliweka msitu.

"Kapteni, hapa ni kwetu," nilimwambia.

"Wapi?"

"Hapa. Hii miti yako."

Aliinua miwani kidogo, akatazama. "My dear, watu wanataka kuona kitu safi."

"Si ulisema wanataka kitu kama kilivyo?"

Tulibishana wiki nzima. Mwishowe alichoka, akasema sawa, niitengeneze mwenyewe, lakini nipewe mzigo wa nyumba moja tu. Ninakili hiyo moja mara mia mbili na nisimsumbue tena. Nilikubali. Nilijua ni matusi lakini nilikubali, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilitaka sana aione kazi yangu, na mtu huyo alikuwa mama.

Mama alikuwa akiuza nguo za mitumba za watoto, na kazi yangu aliidharau kuliko nilivyomdharau Kapteni. Jirani akimuuliza binti yake anafanya nini mjini, alisema, "Anachezea kompyuta ya Muhindi." Nyumba yetu aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, na kila bati alijua alilinunua mwaka gani. Nilijiambia kwamba akiiona nyumba yake ndani ya kompyuta, akiambiwa kwamba mzungu mmoja mahali fulani anapita juu yake, atanyamaza. Kwa hiyo niliamua kwamba nyumba ya kunakili mara hizo mia mbili itakuwa ya kwetu.

Jumamosi moja nilipanda gorofa iliyo mkabala na plot yetu nikiwa na kamera ya studio. Mama alinisikia nikimwita, akatoka, akaona kamera, akarudi ndani mbio. Alikaa huko muda mrefu nikidhani amekasirika. Alipotoka alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cha kichwa kinacholingana nalo, akasimama mbele ya mlango, mikono ameikunja tumboni. Watu wa kwetu hawapigwi picha hivihivi.

"Mathe, si wewe," nilisema kutoka juu. "Ni paa."

"Paa gani?"

"Paa la nyumba. Ndilo linaonekana kutoka kwa ndege."

Alitazama juu, kwenye mabati yake yenye kutu, na lile tairi na beseni lililopasuka na mawe mawili vya kuzuia upepo usiyang'oe. Hakuwa ameviona hivyo vitu tangu avirushe huko. "Wewe msichana," alisema, "unakuja na kamera ya watu, unaacha mwenye nyumba amesimama, unapiga picha ya tairi?"

Nilijaribu kumweleza habari za pembetatu. Hakutaka. Alishika kitasa cha mlango wetu, mlango wa mbao ngumu aliouchongesha kwa fundi mwaka uliotangulia na kuupaka rangi ya kijani yeye mwenyewe, mara mbili. Kitu kipya pekee katika nyumba nzima.

"Sawa, mimi niache," alisema. "Lakini weka mlango wangu. Umesikia? Usionyeshe watu tairi na mlango ukose."

"Nitaweka."

Sikuweka. Niliuchonga, nikaupaka, nikaujaribu, na Kapteni akahesabu mzigo wa mlango mmoja mara mia mbili, akatikisa kichwa. Ningeweza kubishana wiki nyingine. Niliufuta kwa kubonyeza mara moja na kuendelea, na nakumbuka nilijiona mtaalamu kweli siku hiyo, mtu anayejua kazi inavyofanywa.

Mandhari yetu ilitoka mwisho wa mwaka 2007. Sifa zilimiminika. Heroe! Vigae! Mtu mmoja tu, sijui wa nchi gani, aliandika kwamba nyumba za upande wa magharibi zote ni moja na zote zina tairi juu, kazi ya mvivu. Nilimtukana mbele ya skrini kwa lugha tatu. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Halafu kura zikapigwa, matokeo yakagombaniwa, na mwezi wa kwanza wa 2008 watu wakaanza kuchomeana nyumba. Sina la kueleza hapo. Wengine walichoma upande huu, wengine wakachoma upande ule, na kila upande ulikuja na sababu zake, na waliowatuma walikuwa wamelala penye ulinzi. Walioichoma ya kwetu tuliwajua, na baadhi yao mama aliwahi kuwakopesha nguo za watoto wao. Tulipata muda mfupi wa kutoa vitu. Nilichukua begi na redio. Mama aliokota jiwe akaanza kugonga bawaba.

"Mathe, wacha mlango! Twende!"

"Shika huko chini."

"Utaenda nao wapi?"

"Nimesema shika."

Nikashika. Tulitoka Kaptembwo tumebeba mlango, yeye mbele, mimi nyuma, moshi ukiwa umetanda, na mimi nikiona aibu. Katika siku kama hiyo, niliona aibu watu wasije wakatuona. Nilimdharau mama yangu njia nzima hadi kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako watu walikuwa wakikusanyika. Usiku wa kwanza wengine walilala kwenye matope. Sisi tulilala juu ya mlango. Asubuhi ulikuwa meza, mvua ikija ulikuwa ukuta, na wanawake wa hema jirani waliomba kukatia mboga juu yake.

Studio ilipofunguliwa tena nilirudi kazini, na siku moja mama akanifuata. Hakubisha hodi kwa mwenye studio wala kwa nani, alifika moja kwa moja chumba cha nyuma, amevaa gauni la msaada lililompwaya. "Nimekuja kuona ile nyumba," alisema.

Kapteni alisimama. Alivua miwani, na hiyo ndiyo mara pekee nilipoyaona macho yake yote mawili, madogo, ya mtu wa kawaida. Alimpa mama kiti chake. "Karibu, mama. Keti hapa," alisema, kisha akashika kijiti akiwa amesimama, akaipaisha ndege kutoka Naivasha. Nilimdharau mwaka mzima na nitaendelea, lakini siku hiyo aliiendesha polepole na bila maringo, akimwonyesha mama ziwa, kisha barabara, kisha Menengai na shimo lake. Mama hata heroe hakuwatazama.

"Sasa tunafika Kaptembwo," Kapteni alisema, akashuka chini.

Zikatokea. Nyumba mia mbili, zimesimama, hakuna hata moja iliyoungua. Mama alisogeza uso karibu na skrini.

"Yangu ni ipi?"

Kapteni alinitazama. Ikabidi nijibu mimi. "Zote, mathe. Nilipiga picha moja, nikairudia."

Alifuata mapaa kwa kidole, tairi, beseni, mawe mawili, tairi, beseni, mawe mawili. Kidole kilisimama mahali fulani, upande wa pili wa kijia chetu. Nilijua ni kwa nani pale. Aliyekuwa akiishi pale ndiye aliyebeba petroli.

"Hata huyu umempa paa langu?"

"Mathe, ni programu..."

"Sawa." Kidole kikashuka kwenye ukuta, kikautafuta ukuta mzima, kikahamia nyumba ya pili na ya tatu. "Na mlango?"

Kapteni, maskini, akadhani ananisaidia. Alieleza kwa upole kwamba rubani yuko juu, mama, rubani haoni milango.

"Na akishuka?" mama aliuliza. "Akitaka kuingia kusalimia watu, ataingilia wapi?"

Nami ndipo nilipokimbilia kipanya cha kompyuta, nikafungua faili la nyumba, nikawa naongea haraka haraka kwamba mlango nilikuwa nimeuchonga, niliufuta tu, naweza kuurudisha, Kapteni ataruhusu, si utaruhusu Kapteni? Na Kapteni akasema ndiyo, mara mia mbili kama nataka, mzigo si kitu. Nikamwomba mama anionyeshe tu kijani kilikuwa kijani gani, cha majani ama kile kizito.

Mama alikuwa ameshasimama. Alijifunga leso vizuri kiunoni, akamshukuru Kapteni kwa kiti.

"Wacha hivyo hivyo," aliniambia. "Mlango niko nao."