Pasi ya Watu Wawili

Shigeo Hatakeyama alikuwa mtu wa hesabu. Miaka arobaini na miwili aliyeyusha chuma na kusubu mabirika hapa Morioka, akastaafu na kifua kibovu, na starehe ikabaki moja: kitabu kinene cha ratiba za treni kinachotoka kila mwezi. Alikisoma miguu ikiwa chini ya blanketi la meza yenye kipasha joto chini yake, kidole kikipita stesheni baada ya stesheni, mtu ambaye hata Tokyo kafika mara mbili tu.

Habari ya pasi aliileta mkewe, Tomoe. Tangazo lilibandikwa stesheni: mume na mke ambao umri wao ukijumlishwa unafika themanini na minane, hupanda treni nchi nzima kwa siku saba kwa bei moja, mradi wawe pamoja.

"Sisi tuna mia na thelathini na tisa," alisema Tomoe. "Inabaki hata ya kumgawia jirani."

"Jirani uzee anao wa kumtosha," Shigeo akajibu, lakini penseli alishaishika.

Tomoe hakuwa na hamu ya kutembea. Mwezi wa kumi daktari alimwita peke yake, akamwambia kuwa kifua cha mumewe ni saratani, na kwamba mwaka mpya mzee huenda asiuone. Shigeo aliambiwa pafu limevimba. Ndivyo ifanywavyo huku: mke hubebeshwa kifo cha mumewe, kisha anaambiwa atabasamu. Na kule Kumamoto, mwisho wa nchi, alikuwapo Chizuru, binti yao wa kwanza. Miaka kumi na tisa nyuma baba yake alimwambia kwamba akiolewa na yule mtalaka asikanyage tena hapa. Kwa ukaidi aliourithi kwa babaye, hakukanyaga. Tomoe alitaka jambo moja tu: waonane mzee angali hai.

Shigeo alipiga hesabu siku tatu. Kwenda Nagoya kwa kijana wao Kazumasa na kurudi, pasi ni hasara. Kuongeza Okayama kwa dada yake Shigeo, bado hasara. Pasi ilianza kulipa wakifika Kumamoto.

"Basi tufike," alisema Tomoe.

"Kumamoto kuna nini?"

"Kuna mwanao."

Shigeo akafunua ukurasa mwingine. Juma zima pasi haikutajwa.

Kisha akaja na lake. "Tungoje Aprili, mama watoto. Kifua kitakuwa kimetulia, siku ndefu, tutaona mengi dirishani. Pasi ileile, faida zaidi."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Matumbo yangu mazima. Kifua ndicho kibovu."

Tomoe alicheka, akatoka kwenda kwenye figili zilizotundikwa chini ya paa zikauke. Alikuwa ametundika za kuwatosha watu wawili mpaka Machi. Akalia pale, mikono ikinuka figili. Alimchukia daktari, akajichukia mwenyewe, na kwa kitambo kidogo akamchukia hata mgonjwa.

Alijaribu kila njia. Nauli zitapanda, alisema. Kazumasa ana likizo sasa. Kila hoja Shigeo aliifuta kwa penseli, na hoja ya kweli Tomoe hakuweza kuitoa.

Mwisho wa Novemba, baada ya kukohoa asubuhi nzima, Shigeo alimwita. "Kaa. Nimepiga upya. Pasi haitufai."

Tomoe akaketi. "Hata tukifika Kumamoto?"

"Hata tukifika Kumamoto." Akamsogezea karatasi. Treni zote zilikuwapo na saa zake, Nagoya, Okayama, Kumamoto, na kila pa kubadilishia alichagua stesheni yenye ngazi chache. "Pasi ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Sisi tunakwenda wawili. Anarudi mmoja."

Tomoe aliitazama ile karatasi mpaka tarakimu zikamchanganyikia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kunigombeza."

"Na Aprili ilikuwa ya nini?"

"Naogopa," alisema Shigeo. "Kufa nimeshakuzoea. Naogopa yule mtoto asinifungulie mlango."

Mficha maradhi kilio humfichua, na hawa walikuwa wamefichana wote wawili. Walilia pamoja mchana ule, chai ikapoa.

Jioni Tomoe alimpigia Chizuru simu, akamwambia yote. Chizuru akauliza treni inaingia saa ngapi.

Kesho yake Tomoe aliipeleka karatasi kwenye dirisha la tiketi. Karani aliisoma, akamtazama kwa huruma ya mtu anayeona mzee akipoteza pesa.

"Bibi, mkiwa wawili pasi ingewafaa zaidi. Hapa umeandika za kwenda mbili, ya kurudi moja. Hukukosea?"

Tomoe akainama kwa adabu. Hakukosea, alisema, mumewe ndiye aliyepiga hesabu.