Ukoo Niliouchora Upande Mmoja

Mwaka 2012 nilimaliza kidato cha nne katika shule ya ngumbaru mjini Lodwar, nikiwa na mvi mbili na majivuno ya maprofesa kumi. Baiolojia nilipata B. Mji mzima ulijua, nadhani hata mbuzi waliambiwa.

Mke wa kaka yangu akajifungua mtoto wa kiume aliyevimba tumbo kwa kukosa choo. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo ukiwa nusu, umepinda kama mundu. Mama yetu hakungoja maelezo ya daktari.

"Wewe uliyesoma, hii imetoka wapi?"

Nilichukua chaki nikachora ukoo kwenye mlango wa mabati, majirani wakitazama. Nyumbani kwetu mbuzi tunamjua kwa mama yake: huyu ni wa yule mwekundu, bibi yake ni yule aliyevunjika pembe. Beberu hatumtaji. Basi mtoto nikamchora vivyo hivyo: mama, nyanya, mama wa nyanya. Nikagonga bati.

"Jeni imepita hapa!"

Shemeji alikuwa akinyonyesha. "Na upande wenu, shemeji?"

"Hiyo utaielewa ukifika kidato cha nne."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka hadi Uganda wakanisikia. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kuchora pande zote mbili, na nilikumbuka hilo nikiwa bado nacheka. Sikulisema. Wiki haikuisha, mama akamrudisha shemeji kwao Kakuma pamoja na mtoto. Kaka hakumzuia, akimwamini mdogo wake msomi.

Mwaka uliofuata mtoto alipangiwa upasuaji hukohuko Kakuma, daktari akamwita baba yake. Nikamsindikiza kaka. Shemeji alikuwa amekaa na mtoto mapajani.

"Kuna aina inayorithiwa," daktari alisema. "Mzazi mmoja anatosha kuipitisha, na yeye anaweza kuishi mzima, akisumbuliwa na choo kigumu tu. Nani ana shida hiyo?"

Kaka akanitazama, nami nikatazama sakafu. Marehemu baba yetu alikuwa akienda kichakani asubuhi, mbuzi wanakunywa maji, wanakula, wanarudi, yeye bado. Kaka na mimi ndio hivyo hivyo.

Kaka akapigwa picha. Mundu uleule. Nikaomba na yangu. Mundu mwingine.

Nje nilianza kuomba msamaha kwa maneno marefu. Shemeji akanikata.

"Mwalimu, usinichoree hapa. Nenda kachore pale pale, na wale waliocheka wawepo."

Nilirudi nyumbani, nikachora kwenye mlango uleule. Baba, kaka, mtoto, halafu mimi pembeni. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama aliangalia mlango, akajifunga shuka, akauliza gari la Kakuma linaondoka saa ngapi.

"Nikupeleke, mama?"

"Wewe baki. Umeshasema ya kutosha."