Kijiko Kimoja Kwake, Kimoja Kwangu

Safari ya kwenda Dar es Salaam na kurudi ilinigharimu shilingi arobaini na moja na senti hamsini, pea moja ya viatu, na heshima yangu yote ya ukwe. Shilingi nimezihesabu mara mbili, hesabu ni ile ile. Heshima sijui inahesabiwaje, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kilichonitoa kwenye biashara yangu Bagamoyo ni koo la mama mkwe wangu, Bi Tatu. Kiharusi kilimpiga mwisho wa msimu wa korosho, kikamlegeza mkono wa kushoto na upande ule wa uso. Baada ya muda mkono ukaanza kupata nguvu, na maneno yakarudi na ukali wake wote. Lakini maji yakawa adui. Kila akinywa anapaliwa, anakohoa mpaka anaishiwa pumzi, kisha kifua kinamkoroma na usiku homa inapanda. Sisi nyumbani tukamwonea huruma, tukauzidisha uji maji, tukisema mgonjwa haviwezi vizito. Naye akazidi kukonda. Mganga wa zahanati akatuambia chakula kinapotelea njia ya pumzi, na tusipompeleka Dar tutamzika.

Haya ya kupaliwa nayasema kwa kusimuliwa. Mimi sikuwahi kumwona akila. Kwetu mkwe hamtazami mkwe mdomoni. Nikipiga hodi naye yumo chakulani, humeza haraka alichonacho na kujifunika kanga. Nami nikisikia sahani, nageuza njia. Tumeishi hivyo tangu nimwoe bintiye Zuhura, na hatujawahi kugombana.

Safari hii ilikuwa ya Zuhura, lakini alikuwa amejifungua wiki tatu tu zilizopita, yumo ndani na arobaini yake. Kaka yake Salum, anayelima Ubena, alituma salamu kwamba atakuja akimaliza palizi. Palizi ya Salum naijua. Nikabaki mimi.

Alfajiri, kwenye kituo cha basi, nilimkuta dereva keshaona kwamba nina mgonjwa.

"Kiti cha mbele shilingi tano," akasema.

"Tano kwa kiti, au na gari unaniachia?"

"Mzee, mvua imeharibu njia."

"Basi punguza, maana njia nusu haipo."

Tulipatana tatu unusu. Bi Tatu akakaa mbele, mimi nikapanda juu ya magunia ya nazi, ambayo yanaujua mgongo wa mtu kuliko mkewe.

Mbegani basi lilisimama kupakia samaki wakavu. Bi Tatu akaomba maji, akageukia dirishani, akainua kanga, akanywa. Nikafanya adabu: nikampa mgongo na kuikagua mikoko. Nyuma yangu nikasikia kikohozi kile, kisha kimya, kisha mama mmoja abiria akimpiga mgongoni.

"We mwanamume! Mama yako anakufa, wewe unatazama mikoko?"

"Si mama yangu, ni mkwe wangu."

"Aa, samahani. Basi endelea kutazama mikoko."

Basi zima likacheka. Bi Tatu, pumzi ilipomrudia, naye akacheka, sauti yake ina maji ndani kama mtu anayesukutua.

Kufika Mto Mpiji tulikwama matopeni, na wanaume tukashuka kusukuma. Viatu vyangu bado viko pale, kama kuna anayevihitaji. Alasiri tuliingia Dar es Salaam, mimi miguu mitupu, mkwe wangu anahema kwa shida.

Hospitalini daktari alimtazama uso, akamwambia atoe ulimi, akamwambia akohoe. Akampa maji kijiko kidogo kimoja, akasikiliza. "Sema aaa." Sauti ikatoka ile ile ya kusukutua. Akampa uji mzito, mzito wa kusimamisha kijiko. Bi Tatu akameza. "Sema aaa." Ikatoka kavu, safi.

Aliyetufafanulia ni Nesi Mwanaidi, mwanamke wa Pangani, mfupi, hana muda wa kupoteza. "Maji yana mbio," akasema. "Koo lake limekuwa zito, kabla halijajifunga, maji yameshapita pabaya. Kizito kinakwenda polepole, koo linakisubiri. Akae wima, ainamishe kidevu, uso augeuzie upande wake mlegevu. Kijiko kidogo. Halafu unatazama koromeo: likipanda na kushuka, amemeza. Ameze tena mate matupu, aseme aaa, ndipo umpe kingine. Nani anamlisha nyumbani?"

Mimi nikatazama dari. Bi Tatu akatazama ukuta.

"Nani huyu kwako?" nesi akaniuliza.

"Mkwe."

Akavuta pumzi. Mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa. "Sikiliza, baba. Mtu wa kumtazama hapa ni wewe peke yako. Akishindwa kula cha kutosha kwa mdomo wiki hii, daktari atampitisha mpira puani, na atabaki hapa."

"Mpira puani!" akasema Bi Tatu. "Nikampokee mjukuu wangu nina mkonga?"

Basi shida ikawa hiyo. Arobaini ya Zuhura ilikuwa inakaribia, na Bi Tatu alikuwa ameapa kwamba mtoto akitolewa nje, atatoka mikononi mwake. Akishindwa kumeza, mtoto atatoka bila yeye.

Jioni ile nikaketi mbele yake na bakuli. Akafungua mdomo kidogo, akaufunga, akavuta kanga. Nikafumba macho nusu. Nesi akapita. "Kwa macho hayo utamlisha sikio."

Baada ya vijiko vitatu, Bi Tatu akasema imetosha.

"Kumi, mama," nikasema.

"Vitatu."

"Kwa vitatu hata kuku hatagi. Nane."

"Vinne, na ugeuke."

"Nikigeuka bei inapanda."

Akakipima kijiko kwa jicho. Kumbe nilikuwa nimemwoa binti wa mfanyabiashara mwenzangu bila kujua. "Haya," akasema. "Nane. Lakini kila kijiko changu, na wewe kimoja. Sitakaa natazamwa mdomo peke yangu kama ng'ombe wa mnadani. Tuaibike wote."

Nikatafuta bakuli la pili. Kijiko kwake, kijiko kwangu. Nami nikainamisha kidevu, maana alisema nisipoinamisha mapatano yamevunjika. Koromeo lake likapanda, likashuka. Akasema aaa. Akanisubiri. Nikasema aaa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba na wao wawekewe watazamaji.

Siku zilizofuata nilitembea kutoka Kariakoo, nilikolala kwa binamu, hadi wodini, asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa mvua na kwa jua. Uji mzito usio na chumvi niliula mpaka ulimi ukasahau kazi yake. Siku moja alipaliwa: alitaka kunisema huku chakula kimo mdomoni. Nesi akamwinamisha, akamwacha akohoe mwenyewe, kisha akatupa sheria kwamba matusi yangoje baada ya aaa. Homa ikashuka. Vijiko vikafika ishirini, vyote kwa kubishania. Daktari akasikiliza kifua, akasema twende nyumbani, maji matupu tuyaache mpaka tumrudishe atazamwe.

Kurudi, mbele ya basi tulikaa wote wawili, nimelipa bila kubisha, dereva akadhani naumwa. Mbegani nilimtolea ndizi mbivu niliyoiponda. Akala, nami nikala. Mikoko sikuitazama.

Siku ya arobaini Bi Tatu alikaa kizingitini, mtoto akalazwa mapajani pake, mkono wake mlegevu ukamzunguka, Zuhura kaushikilia kwa chini. Ndivyo mtoto alivyoona jua. Nami nilikuwa nimejifunza kwamba chakula chepesi kinaweza kuua na kizito kikaponya, na kwamba haraka ya mtu anayeona haya ni hatari kuliko maradhi yenyewe.

Nilidhani zamu yangu imekwisha. Nikamfundisha Zuhura yote. Akakaa na bakuli. Mama yake akafunga mdomo.

"Wewe ni mwanangu, nitakudanganya," akamwambia. "Yule tumepatana. Mwite, na bakuli lake."

Sasa palizi ya Salum imekwisha. Ijumaa anafika na wajomba zake wawili, wazee wa adabu, watakaa siku kadhaa. Wakinikuta nimemkodolea dada yao macho mdomoni, huku nasema aaa, ukwe wangu umekwisha. Nikijificha, Bi Tatu atajifunika kanga na kumeza kwa haraka mbele ya ndugu zake, na tutarudi tulikotoka. Ninyi mlioa pwani hii, nishaurini kabla ya Ijumaa. Yeye mwenyewe nimemwuliza. Kasema nikaongeze mabakuli matatu.