Nevertheless Iliyochelewa Iyula

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla watu wa Iyula hawajawasimulia, maana wao wanatia chumvi: mimi, kwa Kiingereza changu, nusura nimnyang'anye mjane maiti ya mumewe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa najaza karatasi za mizigo pale mpakani Tunduma, nina kitabu changu cha barua rasmi, nimekikariri mpaka hata chai naagiza kwa "albeit" na "nevertheless" (chekeni tu, wenye malori walinipenda kwa hayo). Basi akafariki rafiki yangu Chanda, dereva Mzambia aliyeoa Iyula, kule Mbozi, na kupanda kahawa kwa mikono yake. Ndugu zake wakaja na gari kumchukua, mkubwa wao baba yake mdogo, mzee asiyejua Kiswahili, ila Kiingereza anakisikia. Mjane, Mama Neema, akanishika mkono. "Shemeji, waambie tu aachwe hapa. Alitaka kulala kwenye mibuni yake. Usirembe."

Nikaremba.

Ilikuwa asubuhi, ukungu mzito, jeneza uani. Nikakohoa, nikaanza: albeit ameoa kwetu, ni mtoto wenu, notwithstanding hiyo miaka yote aliyokaa hapa, haki ya kumzika ni yenu... hapo nikavuta pumzi ndefu, ili "nevertheless" yangu, yaani ile "hata hivyo" ya kugeuza maneno, iingie kwa kishindo. Pumzi hiyo ndiyo iliyoniponza. Mzee alikuwa ameshaanza kulia, "Natotela, natotela," ndiyo shukrani yao, na vijana wake sita wameshabeba jeneza. Nikawakimbilia huku napiga kelele, "Nevertheless! Nevertheless!" na wao, wakidhani ndiyo sala yetu ya kuaga, wakaitikia kwa pamoja, "Nevertheless!" Mama Neema akanitazama tu. Jamani, yale macho!

Walipofika kwenye mibuni, jeneza likawa zito. Wallahi nilikuwa hatua tatu tu. Wakalitua, wakajaribu kulinyanyua, wapi! Vijana sita, shingo zimewatoka mishipa, jeneza halitikisiki. Gari lao hatulioni tena kwa ukungu, na ndege wote wamenyamaza.

Mzee akanirudia polepole. "Ulikuwa hujamaliza," akasema kwa Kiingereza. "Maliza. Kwa maneno madogo."

Nikamaliza: "Mkewe anaomba abaki."

Akapiga magoti, akauliza kitu kwa Kibemba, taratibu, kama unavyomuuliza mtoto kama ameshiba. Kisha akaweka sikio kwenye mbao, akakaa hivyo muda mrefu. Aliposimama alikuwa anajifuta sikio.

"Atabaki."

Wakalinyanyua kulirudisha, na safari hii watu wawili walitosha.

Kitabu nilikichoma. Siku hizi nikiwa na ombi natanguliza ombi lenyewe, heshima zitafuata nyuma. Nikipita Iyula, Mama Neema ananipa chai, watoto wananiita Baba Nevertheless, halafu naenda kaburini, nasema, "Chanda, nimekuja kukusalimia," basi, naondoka. Sivuti pumzi katikati. Niliwahi kuvuta mara moja, nikasikia kabisa kwamba kuna mtu ananingoja nimalizie.