Koplo Aliyemfundisha Binti Mfalme Kuendesha Lori

Enid Ormerod alizaliwa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, na alijua kuendesha lori kabla hajajua kupika. Baba yake alikuwa akisambaza makaa ya mawe majumbani. Mgongo ulipomshinda hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia usukani, basi akamwachia Enid, na majirani wakasema wee mpaka wakachoka. Kwa hiyo vita vya pili vya dunia vilipokuja na wanawake wakaitwa jeshini, wenzake walipangiwa jikoni na maofisini, yeye akapelekwa kusini, kwenye kambi moja ya Surrey, kufundisha udereva na ufundi wa magari. Wakamfanya koplo.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa mwisho wa vita, mkuu wa kambi, Kapteni Pargeter, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini.

"Kesho unapata mwanafunzi mpya. Ni binti mfalme."

"Wa kwetu, afande?"

"Hapana. Wa ile nchi ndogo ya bara la Ulaya iliyomezwa na Wajerumani. Baba yake yuko London na serikali yake yote imo ndani ya masanduku. Mfundishe kama wengine. Ila akivunjika hata ukucha, tutaeleza mimi na wewe."

Binti mfalme huyo aliitwa Aurelia. Alikuja amevaa sare iliyoshonwa na fundi wa mjini, ikamkaa vizuri kupita kiasi. Alimkuta Enid amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Nikuite nani?" miguu ikamuuliza.

"Nyumbani huniita Mtukufu."

"Huku chini kuna grisi tu, utukufu hakuna. Nitakuita Relia. Haya, lete hiyo spana, uje nayo."

Kisha Aurelia akajilaza kwenye saruji, sare na yote, akajivuta mpaka kando yake, akatazama juu.

"Nilidhani injini ni kitu kimoja," alisema. "Kumbe ni ukoo mzima."

"Tena ukoo wenye visirani. Mmoja akinuna, wote hawafanyi kazi."

Tangu siku hiyo wakaelewana. Aurelia alikuwa na miguu mizito, gia zikilia kama nguruwe anayechinjwa, lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alijifunza kubadilisha gurudumu, kusafisha plagi, kuwasha injini kwa kuzungusha hendeli ya mbele bila kujivunja mkono. Saa ya chai walikaa juu ya matairi makuukuu wakila mkate uliopakwa mafuta ya nyama, Aurelia akisimulia nyumba yao ya kifalme, ambako hakuwahi hata kujifungulia mlango.

Siku ya mtihani lori lilizimika katikati ya mlima. Nyuma yao ukasimama msafara wa malori ya jeshi, na wanajeshi hawakukawia kutoa vichwa madirishani.

"Dada, mwite mumeo!"

"Hana mume, ndiyo maana yuko huku!"

"Lipigie magoti, mrembo, labda litakusikia!"

Aurelia akamgeukia Enid, uso umemwiva. Enid alikwisha jua tatizo ni nini kwa kusikiliza tu namna injini ilivyokohoa. Akatia mikono mifukoni.

"Mimi leo ni abiria," alisema.

Aurelia akafungua boneti. Akagusa hiki na kile, akanusa, akafikiri. Mwishowe akafungua paipu ya petroli, akaiweka mdomoni akapuliza kwa nguvu zake zote. Taka zikatoka, na petroli ikamjaa kinywani. Akaitema barabarani mbele ya jeshi zima, akajifuta kwa mkono wa sare, akarudisha paipu, akazungusha hendeli. Injini ikaitika. Wale wanajeshi wakampigia makofi bila kujua wanampigia nani. Enid alikuwa amefundisha wasichana wengi, lakini siku hiyo ilibidi atazame dirisha la upande wa pili ili machozi yasionekane.

Wajerumani waliposalimu amri, Aurelia alikuja kuaga.

"Njoo kwetu, Enid. Barabara zimeharibika, hospitali hazina madereva. Nataka kufungua chuo cha wasichana, cha udereva na ufundi. Wewe ndiye utakuwa mkuu wake."

"Norman anarudi kutoka Burma," Enid alisema. Norman Kershaw alikuwa mchumba wake.

"Mlete naye."

"Norman si mtu wa kuletwa."

"Basi mwulize tu."

Enid akasema atamwuliza. Hakumwuliza. Norman alirudi amekonda, akiruka kila mlango ukibamizwa, na maneno ya chuo cha ng'ambo yalionekana kama kumwongezea mgonjwa mzigo. Wakaoana. Lori la baba lilikwisha uzwa. Norman alipopata kazi nzuri akanunua gari, Austin ndogo, na Enid alipofungua mlango wa dereva, akamcheka kwa upole.

"Mimi nikae kando kama mfuko wa viazi? Watu watasemaje, mpenzi?"

Enid aliona ni jambo dogo, akazunguka akaingia upande wa pili. Hakujua kwamba mambo madogo ndiyo hukaa yakazoeleka.

Miaka ikapita, watoto wakakua. Siku moja Aurelia akaja Manchester kufungua jengo la hospitali, na kati ya wote aliotaka kuwaona alimtaja koplo mmoja. Enid na Norman wakasimama kwenye mstari wa wageni, Norman katika suti yake ya harusi. Aurelia akamshika Enid mikono yote miwili.

"Bado unaendesha?"

Kabla Enid hajafungua kinywa, Norman, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akajibu kwa ucheshi. "Udereva ni wangu, Mtukufu. Mama huyu kazi yake ni kunishikia ramani."

Watu wakacheka kwa adabu. Aurelia hakucheka. Alimtazama Enid, akangoja.

"Ndivyo," Enid alisema.

"Chuo kipo," Aurelia alisema taratibu. "Nilimweka mwanamume mmoja. Anajua kazi. Lakini hawezi kutia mikono mifukoni."

Akasogea kwa mgeni aliyefuata.

Njiani kurudi Norman alisifu: binti mfalme, lakini hana maringo. Baadaye akauliza, "Mbona kimya?"

"Nimechoka," Enid alisema, na Norman akampandishia kioo asipate baridi.

Alipofariki Norman, Enid alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Asubuhi moja baada ya mazishi aliingia kwenye banda la gari, akakaa kwenye kiti cha dereva. Miguu ilizijua kanyagio bila kuambiwa. Lakini macho yalikuwa na ukungu, hata ukuta wa banda ulioko mbele yake hakuuona sawasawa, na daktari alikwisha mwambia asithubutu. Alikaa pale mpaka binti yake akaja kumwita anywe chai.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Nakaa tu," Enid alisema.

Wiki iliyofuata akaja kijana wa mtaa wa pili kulinunua gari. Enid akampa funguo, akamwambia klachi ya gari hilo inataka kukanyagwa mpaka chini. Kijana akashukuru, akaliondoa bandani kwa kishindo.

"Hayo ya klachi alikufundisha mzee wako?" kijana aliuliza dirishani.

Enid akamtazama. "Nenda polepole kwenye kona," alisema, akarudi ndani.