Nilimtoa mama kwa treni apate kupumua, sasa kaka anakuja kumchukua

Asalaam alaikum, na habari zenu wote. Admin, jina langu libaki kwako tafadhali, kwetu Tanga tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Chumbageni, nimeolewa naishi Dar.

Baba alifariki mwaka juzi. Mama alipomaliza eda nikamleta kwangu, maana kule alikuwa hali, hasemi. Huku nako akawa anashinda chumbani kageukia ukuta. Safari ya basi inamvimbisha miguu, ila treni ya umeme mtu anaondoka asubuhi, mchana anakula Morogoro, magharibi yuko kwake. Nikapanga Jumamosi moja. Nikapika mkate wa kumimina, nikamkatia kiti cha dirishani. Wallahi tulipoanza kuona milima mama akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba. Ikawa ndiyo kawaida yetu.

Safari ya tatu, mzee mmoja kiti cha mbele alisikia tunavyoongea, akageuka. "Samahani bibie, nyie watu wa Tanga?"

Mama akajibu, "Chumbageni. Na wewe?"

"Mie wa Maramba. Wazee wangu walikuja kufanya kazi shamba la mkonge, wakabaki."

Ni seremala mstaafu, mjane, Mlutheri, anaishi Morogoro. Tangu hapo kila tukienda anatupokea stesheni na mfuko wa mapera. Tunakaa watatu mgahawani, wanakumbushana habari za nyumbani, nani alikuwa anauza nini, nani alimwoa nani. Hawajawahi kushikana hata mkono. Adhuhuri ikiingia, yeye ndiye anayemwambia mama, "Bibie, swala yako."

Wiki iliyopita mtu wa kwetu akatupiga picha, akaituma kwenye grupu la ukoo. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Tanga, akanipigia anafoka.

"Unamkuwadia mama yetu kwa kafiri? Baba hata kaburi halijakauka!"

"Kaka, mimi nakuwepo muda wote, wanaongea tu..."

"Nyamaza! Ijumaa nakuja kumchukua. Akifika kwangu hatoki tena. Na ukimficha, mimi si kaka yako, hata ukifa sitakuja kukuzika."

Mume wangu anasema nimwache amchukue, yeye hataki vita na shemeji zake. Wadogo zangu wameshaacha kupokea simu zangu.

Nilipomweleza mama hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Mimi sijaomba kuolewa, mwanangu. Nimelea watoto sita, nimeuguza mume mpaka nimemzika. Nimeomba Jumamosi yangu tu. Mkinirudisha kule nikafungiwe, mjue mtakuwa mmezika wawili."

Juzi yote hakula. Jana uji niliompelekea niliukuta vile vile, umeganda.

Leo ni Alhamisi. Kaka ametuma ujumbe kwamba kesho anapanda basi la alfajiri. Na asubuhi hii mama ametoka chumbani, kaoga, kajifunga leso mpya, akaniuliza, "Tiketi za keshokutwa umeshakata?"

Nimemjibu ndiyo. Sijakata.

Ndugu zangu, nisimame mlangoni nimzuie kaka nipoteze ukoo mzima na pengine ndoa yangu, au nimkabidhi mama yangu mzazi akafie ndani? Mwenye neno aniambie leo, kesho mlango utagongwa. Nifanye nini mimi?