Labhu na Mshipa Uliovimba

Devshi alikuwa mkaanga gathiya, vitafunio vya unga wa dengu, pale mjini Rajkot, India. Mkewe, Labhu, alikula gathiya zake tangu arusi, akanenepa hata kupanda ngazi kukawa kazi. Binti yao Kokila akampeleka hospitali apunguzwe tumbo kwa upasuaji.

Walipompiga picha, daktari alikunja uso.

"Mama, mshipa wa damu uendao kwenye wengu umevimba, kama tairi lililotoa nundu. Tuuzibe kwanza. Tumbo baadaye. Msikawie."

"Mbona hauniumi?"

"Hauumi mpaka upasuke."

Devshi akachanganyikiwa. Wameleta tumbo, wanaambiwa mshipa. Mgonjwa mwenyewe anacheka.

Na majuma ya kulisha wafu yalikuwa yameingia, ambapo Wahindu huwaandalia wazee wao waliokufa chakula, nao huja kukila kwa sura ya kunguru. Siku hizo mtu haanzi jambo jipya. Devshi akaenda kwa kuhani.

"Jambo lenyewe ni jipya, au ni la zamani linamaliziwa?" kuhani akauliza.

Devshi akakuna kichwa. Uvimbe ni wa zamani. Habari yake ni mpya. Akarudi nyumbani na swali lake.

"Baba Kokila, acha kuhangaika," Labhu akasema. "Mshipa umekaa kimya miaka yote, utashindwa kungoja wafu washibe?"

"Daktari kasema tusikawie."

"Daktari ana marehemu mama mkwe kama wangu? Nikimnyima wali wake atanifuata hadi kwenye kisu!"

Devshi alicheka. Wakangoja.

Siku ya mama mkwe ikafika. Labhu akapanda juu ya paa na sinia la wali wa maziwa, akihema, akiwaita kunguru. "Njoo, mama, leo sukari tele! Usiseme nilikubania!"

Kunguru akatua. Labhu akashika ubavu wa kushoto, akaketi polepole. Hawakumfikisha hospitali akiwa hai.

"Si niliwaambia?" daktari akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Labhu kulishwa. Wanawake walipika wali wa maziwa. Devshi akaongeza gathiya, za moto, akapanda nazo mwenyewe.

Kunguru alikuja, akauruka wali, akadonoa gathiya.

"Labhu," Devshi akamwuliza, "lilikuwa jipya au la zamani?"

Kunguru akainamisha kichwa, akachukua nyingine, akaruka zake.

"Baba, shuka, jua kali!" Kokila akaita kutoka chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hajashiba."